Mrejesho: jebu yangu na mateke ya paja

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini kila nikirusha jebu, ile ngumi ya mkono wa mbele, nakula teke la paja. Ahsanteni sana. Mkuu uliyenituma nimtazame Georges St-Pierre, bingwa wa MMA (mapigano ya ngumi, mateke na mieleka), akimfumba mpinzani wake Josh Koscheck jicho kwa jebu katika pambano la raundi 5, Montreal 2010, ubarikiwe! Kumbe nilikuwa naganda, uzito wote mguu wa mbele. Sasa napiga, natoka hatua moja. Mateke yamepungua, ingawa paja la kushoto bado lina alama za kuvilia damu.

Ila jebu ya tumbo imenishinda. Juzi nimeinama nikakutana na goti, mdomo ukapasuka. Hiyo nimeiweka kabatini kwanza. Kocha anacheka tu.