Mtoto akili anayo ila hawezi kujipanga, ni uvivu au kuna tatizo?

mama_k: Jamani naombeni mawazo. Mwanangu ana miaka 9, ukimuuliza somo kwa mdomo anakujibu vizuri tu, shida ni kutenda. Nikimwambia nenda chumbani, vua sare, lete daftari la hesabu, nikimfuata namkuta kakaa kitandani soksi moja mguuni nyingine mkononi, daftari hana habari nalo. Homuweki anafanya halafu hakusanyi. Ukibadilisha ratiba ghafla ni kilio. Ticha anasema mvivu, baba yake anasema nimemdekeza, ila kwenye gemu anakaa masaa hatikisiki ndo napochanganyikiwa.

chaki_nyeupe: Pole dada. Mi nafundisha na hao nawajua, mvivu huwa anajua anachokikwepa, huyu wa kwako anaenda kabisa halafu anapotelea njiani. Jaribu hivi, mpe agizo moja tu, akimaliza ndo umpe la pili. Ukiona moja moja anafanya bila ubishi ila matatu kwa mpigo yanampotea, basi huo sio ukaidi, ni kwamba hawezi kuyashika yote kichwani huku anafanya kitu kingine.

bao_la_kete: Sisi tulikuzwa na fimbo na tukajipanga 😂

chaki_nyeupe: @bao_la_kete na wale waliochapwa kila siku kwa kosa lilelile, ilikuwaje?

tibakazi: Niongezee, nafanya kazi na watoto hawa. Kuanza kazi, kukumbuka hatua, kujizuia, kuhama toka jambo moja kwenda lingine, yote yanategemea sana sehemu ya mbele ya ubongo na hiyo inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, kwahiyo mlinganishe na wa umri wake usimlinganishe na wewe. Gemu isikuchanganye, inampa zawadi kila sekunde, homuweki haimpi kitu mpaka ajisukume mwenyewe. Ila usikimbilie kumpa jina la ugonjwa. Anza na masikio, macho na usingizi, mtoto anayekoroma kila usiku anaweza kuwa hivyohivyo mchana, wasiwasi nao unafanya hivyo. Kwa ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kuweka umakini au kutulia, madaktari wanaangalia dalili zilizodumu angalau miezi 6, zilizoanza kabla ya miaka 12 na zinazoonekana sehemu zaidi ya moja, sio nyumbani peke yake.

mama_k: Mh kukoroma anakoroma kweli!! Sikuwahi kuwaza hilo. Nikimpeleka kwa dokta niseme nini maana nikifika huwa nasema tu "msahaulifu"

tibakazi: Hilo la kukoroma litaje la kwanza. Mengine andika matukio, aliambiwa nini, akafanya nini, saa ngapi, alikuwa kachoka au la. Ticha naye aandike ya kwake, mwombe tu asiandike "mvivu", aandike alichokiona.