Naomba ushauri: kubadili redio ya kaseti kwenye gari la zamani

Wakuu, gari langu bado lina redio ya kaseti liliyotoka nayo kiwandani. Nataka yenye Bluetooth. Nafasi ni ya DIN moja (kipimo cha kawaida cha redio za gari), milimita 180 kwa 50, na kukata dashibodi sitaki kabisa. Haina hata ufa.

Kinachonitia hofu ni nyaya. Kwenye redio mpya, waya wa njano ni wa umeme wa kudumu unaotunza saa na stesheni, mwekundu unapata umeme ukiwasha swichi ya gari, mweusi ni wa ethi. Za gari rangi zake haziendani na hizo. Je, ninunue soketi ya kuunganishia, au fundi apime kwa mita na kuunga moja moja? Spika za zamani za karatasi nazo, zitahimili redio mpya?