Mahindi na kunde shamba moja: udongo unafaidika ama maji yanakwisha tu?

Mkulima_Ganda: Habarini wadau. Niko Ganda hapa Malindi, shamba ni mchanga mtupu, jua likiwaka kidogo tu mahindi yanajikunja majani hata ndevu hayajatoa. Mama ananambia nipande na kunde katikati, jirani naye asema kunde itamaliza hayo maji kidogo yaliyoko. Nifuate la nani? Mvua ya mwaka ndio hiyo yaja.

BintiWitu: Msikize mama kaka. Kunde ikishatambaa ardhi yote inafunikwa, jua halipigi mchanga moja kwa moja kwa hivyo chini kunakaa baridi na maji hayakauki haraka. Enda saa saba mchana utie mkono chini ya majani ya kunde halafu ushike mchanga ulio wazi pale njiani, utajionea. Magugu nayo hayapati mwanga, palizi inapungua.

Shamba_Pwani: Kweli kabisa, ila jirani naye ana lake. Kunde inakunywa maji, ukiibananisha na mahindi halafu mvua ikakatika vyote vinataabika. Laini za mahindi ziachanishe sentimita 90 hivi, katikati tia laini moja ya kunde basi. Hewa isipopita unyevu unakaa kwa majani na ukungu unaingia.

Halafu mbolea. Kwenye mizizi ya kunde kuna bakteria wanaoshika naitrojeni ya hewani. Kunde ikikaribia maua chimbua mche mmoja polepole, utaona vinundu kwenye mizizi, kipasue kimoja kwa ukucha, ndani kikiwa chekunduchekundu ujue kinafanya kazi. Lakini usitegemee mahindi ya msimu huu yashibe hapo, yanapata kidogo sana, faida yenyewe inakuja msimu wa pili mizizi na majani yakishaoza. Roho huniuma nikiona mtu ameng'oa kunde na mizizi yake yote akapelekea mbuzi! Kata juu, mizizi iache chini.

Mkulima_Ganda: Shukrani sana. Na mbaazi je?

BintiWitu: Mbaazi nzuri pia, mzizi wake unashuka chini kuliko wa mahindi na mwanzo inakua polepole kwa hivyo hazigombani, ukishavuna mahindi yenyewe inaendelea tu na majani inamwaga hapo hapo shambani. Ila ukitaka mboga ya mapema ni kunde. Mimi ningegawa shamba, upande huu kunde, ule mbaazi.