Naomba ushauri: nawafundishaje watoto kuhusu tsunami bila kuwatia hofu?

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Nimeombwa kuzungumza na wanafunzi wa darasa la sita wanaoishi karibu na bahari, mada ni tsunami. Chanzo naweza kukieleza: tetemeko likiinua sakafu ya bahari ghafla, maji yote yaliyo juu yake yanasukumwa. Kwenye kina kirefu wimbi linakwenda kasi ya ndege ya abiria na mabaharia huenda wasilihisi. Likikaribia ufukwe linapunguza mwendo, ndipo linapoinuka.

Kinachonisumbua ni dalili. Bahari ikipwa ghafla na samaki wakabaki wakitapatapa mchangani, watoto wakimbilie mwinuko, wasiende kuwaokota. Hilo sawa. Lakini dalili ya mtikisiko wa ardhi haipatikani kila mara: Desemba 26, 2004, mawimbi yaliyoanzia Sumatra, kisiwa cha Indonesia, yalifika Somalia baada ya saa kama saba, yakaua watu karibu 300 ambao hawakuhisi mtikisiko wowote. Na mwaka 2018 sehemu ya volkano ya Anak Krakatau, hukohuko Indonesia, iliporomokea baharini usiku na kuzua tsunami, bila tetemeko kubwa la kuwashtua watu.

Tena wimbi la kwanza mara nyingi silo kubwa kuliko yote; wapo wanaorudi kutafuta mali wakakumbwa na linalofuata.

Walimu na mliowahi kushughulikia maafa, mngeanza na maelezo au mazoezi ya kukimbia? Na je, nimwambieje mtoto wa miaka kumi na miwili kwamba akimbie mara moja, asiwasubiri wazazi wake?