Kumkumbuka Baba Mchungaji: kaseti, wasifu na ibada ya pamoja

Kutoka: Katibu, London

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Usharika wa nyumbani Tanga utafanya ibada ya shukrani kwa maisha ya Baba Mchungaji Jumamosi ya pili ya Februari, saa nne asubuhi. Tanzania haibadilishi saa, na huku bado ni majira ya baridi. Kwa hiyo London itakuwa saa moja asubuhi, Ujerumani saa mbili, na Minneapolis saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi. Mkiwapasha wengine habari, andikeni "saa nne asubuhi ya Tanga". Mkiandika 4:00 tupu, vijana waliozaliwa huku wataamka saa kumi alfajiri.

Familia imeomba tusaidie mambo mawili: wasifu, na kaseti za mahubiri na mazoezi ya kwaya. Zipo pia kaunta buku tatu za noti za tonika-solfa (muziki ulioandikwa kwa herufi za do, re, mi) alizoandika kwa mkono wake. Wapo waliopendekeza tuanze na mchango wa jiwe la kumbukumbu. Naomba kwa heshima jiwe lisubiri. Hewa ya bahari ya Tanga inaotesha kuvu kwenye utepe, na sauti ikishaharibika hakuna fundi wa kuirudisha.

Kutoka: Fundi sauti, Bielefeld

Dada Katibu, naunga mkono kabisa. Ila nawasihi walioko nyumbani, mtu asichomeke kaseti yoyote kwenye redio ili "kuionja". Kwanza itazameni kwenye kidirisha chake. Unga mweupe au madoa pembeni mwa utepe ni kuvu. Ukiicheza, kuvu inabaki kwenye kichwa cha deki na kuingia kwenye kila kaseti inayofuata. Hizo zitengwe. Zilizo safi zivunjwe vile vibati viwili vya plastiki vya mgongoni, ili hata mtu akibonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya, kisishuke.

Deki isafishwe kabla ya kuanza: kichwa kwa kijiti cha pamba na spiriti, gurudumu la mpira kwa maji ya sabuni kidogo, halafu vikauke. Kaseti iliyolala miaka mingi ipelekwe mbele hadi mwisho na kurudishwa, ndipo ichezwe, maana utepe huwa umeshikana. Isipokuwa zile za dakika 120: utepe wake ni mwembamba, unavutika upesi na deki inaula. Hizo chezeni moja kwa moja.

Sauti ikitoka hafifu, tazameni kile kipande kidogo cha sufi kilicho katikati, nyuma ya utepe. Gundi yake huzeeka kikadondoka. Dawa ni kuhamishia utepe kwenye ganda jingine lenye skrubu. Kama sufi ipo na kichwa ni kisafi, lakini Baba anasikika kama anasemea ndani ya mtungi, basi pembe ya kichwa hailingani na mashine iliyorekodi. Kuna skrubu ndogo kando ya kichwa. Izungushwe polepole kaseti ikicheza, mpaka herufi "s" zisikike kali. Kila kaseti inaweza kutaka pembe yake.

Waya utoke kwenye tundu la nyuma la deki, si la spika za masikioni. Rekodini WAV, kilohezi 48, biti 24, mono, sauti ya juu kabisa isizidi desibeli -6. Kaseti ya dakika 60 itakula takriban megabaiti 500. Faili hilo msilisafishe, tengenezeni nakala ndogo ya MP3 kwa ajili ya WhatsApp. Na tafadhali msikate mazoezi ili zibaki nyimbo tu. Pale anapoisimamisha kwaya, akawaimbia besi mstari mmoja peke yake, kisha akaita sauti ya nne warudie, ndipo ualimu wake ulipo.

Kaunta buku zipigwe picha kwa mwanga wa dirishani bila flashi, simu ikiwa sambamba na ukurasa, kingo zote zionekane. Katika solfa nukta pacha, nukta moja na vistari ndiyo mapigo. Ukivikata unabaki na sauti zisizo na mwendo. Vialama vya chini vya besi ameviandika kwa penseli, vimefifia, kwa hiyo vuteni picha mhakikishe vinasomeka.

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Tanga

Wanangu, nimesoma yote. Mimi naongezea kwenye wasifu.

Msianze na vyeo. Anzeni na madaftari: ubatizo na kipaimara vimo kwenye kitabu cha usharika, kubarikiwa kuwa mchungaji kunapatikana ofisi ya dayosisi, Lushoto. Cheti chake cha kipaimara kinataja Kanisa la Usambara-Digo. Msilisahihishe kuwa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), kwa sababu KKKT ilizaliwa mwaka 1963 makanisa saba yalipoungana, naye alipata kipaimara kabla ya hapo. Tena, sheria ya elimu ya 1969 ilizitia shule za misheni mikononi mwa serikali. Darasa alilofundisha lilikuwa lilelile, mwajiri akabadilika, na rasimu ya familia imeihesabu miaka hiyo mara mbili.

Kurasa mbili zinatosha, yapata maneno 800, dakika saba za kusoma bila kukimbia. Andikeni jinsi alivyofundisha kipaimara: mtoto aliyekariri amri bila kosa alirudishwa kukaa mpaka aieleze kwa maneno yake. Andikeni wagonjwa aliowapelekea Meza ya Bwana nyumbani. Majina ya watoto na wajukuu mama mjane ayasikilize yote kabla hatujachapa.

Kutoka: Dada wa Minneapolis

Shikamoo Mwalimu. Tumepokea.

Kuhusu kuungana na ibada kwa Zoom: kuimba pamoja hakuwezekani, sauti inachelewa na kila nchi itaburuta nyingine. Tanga waongoze, sisi tufunge maikrofoni tuimbe nyumbani. Nyimbo zitajwe kwa mstari wa kwanza, maana namba za kitabu cha Tenzi za Rohoni si za kitabu cha Mwimbieni Bwana. Simu ya kanisani ichukue sauti kwenye miksa kwa waya. Ikiwekwa mbele ya spika, mahubiri yatakuwa mwangwi mtupu. Iwepo na laini ya pili ya mtandao tofauti. Salamu zetu tuzirekodi na kuzituma siku mbili kabla.

Fedha ziende akaunti ya usharika, jina liandikwe kama benki inavyolijua, sababu iwe "Kaseti za Mchungaji", na mhazina atoe stakabadhi. Tulioko Marekani tusiahidiane nafuu ya kodi: sadaka inayokwenda moja kwa moja kanisa la nje haihesabiwi.

Kutoka: Katibu, London

Asante Mwalimu, asanteni ndugu. Kaseti safi zitakuja Bielefeld na msafiri, kwenye begi la mkononi. Mashine ya eksirei ya uwanja wa ndege haidhuru utepe, sumaku ya spika ndiyo inayofuta, kwa hiyo zisiwekwe juu ya redio hata dakika moja. Zenye kuvu zibaki kwa Mwalimu, kwenye boksi la karatasi mahali pakavu, si kwenye mfuko wa plastiki. Anayesafiri kutoka Tanga kabla ya mwisho wa Januari aniandikie faragha.