Mama kasomewa "nimekopa", karatasi imeandikwa "nimeuza". Posho ya mwalimu wa ngumbaru (kisomo cha watu wazima) iko wapi?

Wakuu, salaam. Nina hasira. Nimekaa nayo wiki tatu nikidhani itapoa, haijapoa, kwa hiyo naiandika kama ilivyo.

Mimi ni mtu wa Uwanda wa Makonde, mkoa wa Mtwara. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi Masasi mjini. Mwezi wa sita mjukuu wa mama aliugua ghafla, ikatakiwa hela siku ileile. Akajitokeza mtu mmoja, mgeni si mgeni, wale wanaozunguka vijijini kabla ya msimu, akampa mama laki na nusu. Akatoa karatasi, akamsomea, mama akaweka dole gumba.

Nimefika kijijini mwezi wa tisa, mikorosho imechanua. Usiku mama akaitoa ile karatasi ndani ya kimfuko cha chumvi, imekunjwa mara nne. Akaniambia, "Itunze wewe, mwanangu. Ni ya mkopo. Msimu ukifunguliwa narudisha laki mbili." Nikawasha tochi ya simu, nikasoma. Imeandikwa kwamba yeye, kwa hiari yake na akili timamu, ameuza mavuno yote ya mikorosho yake 42 kwa misimu 3. Chini kuna alama ya dole lake la bluu, imevutika kidogo upande mmoja kama vile mkono ulishikwa.

Mikorosho 42, hata mwaka mbaya, haikosi gunia nne. Piga hesabu mwenyewe kwa bei yoyote ya mnada unayoikumbuka, zidisha mara tatu, halafu toa laki na nusu.

Nilipomweleza, hakulia. Aliuliza tu: "Mbona alinisomea? Alikuwa anapitisha kidole mstari kwa mstari." Akanionyesha, kidole chake kikienda polepole juu ya maandishi. Hapo ndipo usingizi unaponipotea. Yule mtu alipitisha kidole chini ya neno "nimeuza", na mdomo wake ukatamka "nimekopa", macho makavu, mbele ya mama wa miaka 54 aliyeinamisha kichwa ili asikie vizuri.

Karatasi nimeipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji na itakwenda mbele, hilo siliongelei hapa. Naongelea kilicholifikisha dole la mama pale.

Kangomba, yaani kununua korosho kwa mkulima nje ya mfumo rasmi, mara nyingi kabla hazijavunwa, inajulikana ni kosa. Kila msimu tunaonywa tusiuze korosho zikiwa maua. Onyo limebandikwa ukutani, karatasi kubwa, herufi kubwa. Mama amepita mbele ya ukuta ule mara ngapi akielekea mzanini? Na pale mzanini anapewa stakabadhi yenye kilo, daraja na makato. Anaikunja, anaiweka kifuani, anasubiri mtoto wa jirani atoke shule amsomee. Meseji ya malipo ikiingia, simu anampa kijana, na namba ya siri anamtajia. Chupa ya dawa ya kupulizia imeandikwa vipimo, yeye anapima kwa kifuniko kwa sababu ndivyo alivyoona wenzake wakifanya. Mkulima huyu anauza kwa mfumo wa stakabadhi ghalani (korosho zinawekwa ghalani, zinauzwa kwa mnada), mfumo ulioingia Mtwara tangu msimu wa 2007/08, na mfumo wenyewe ni karatasi mwanzo hadi mwisho. Mmempa mfumo wa karatasi, mkamnyima wa kumfundisha kuisoma.

Na kinachouma zaidi, mama alikuwa darasani!

2019 mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alianzisha ngumbaru pale shule ya msingi, Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni. Walijiandikisha 23, wanaume wawili tu. (Wanaume wanaogopa hilo neno. Kwetu ukitaka kumdhalilisha mtu mbele za watu unamwita ngumbaru, na kuna wazee wanaolipa hela kusomewa barua ili wasionekane wamekaa kwenye dawati la mtoto.) Chaki alinunua mwalimu kwa pensheni yake. Daftari kila mtu alikuja nalo. Giza likiingia waliwasha tochi za simu. Tuliambiwa posho ya mwalimu inashughulikiwa, jina lake limepelekwa. Alifundisha miaka miwili akisubiri. 2021 miguu ikamshinda, akaacha, hakuja mwingine. Nani aje? Nani atembee kilomita sita kwenda na kurudi, mara mbili kwa wiki, bila hata nauli?

Daftari la mama ninalo hapa mezani. Ukurasa wa mwisho wenye maandishi una silabi za sa, se, si, so, su, zimeandikwa kwa kukandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka kwenye s. Za, ze, zi, zo, zu hawakuzifikia. Sasa angalia neno lililomwibia: ni-me-u-za. Halina hata herufi mwambatano. Wiki chache zaidi za mwalimu mwenye posho, mama angelisimamisha lile dole na kuuliza, "Baba, hapa mbona pameandikwa nimeuza?"

Najua kuna atakayekuja hapa kusema hao ni wazee, pesa ziende kwa watoto. Nimeshaambiwa hivyo ana kwa ana, na mtu mwenye shahada. Kwanza, mama hakukataa shule. Alitolewa darasa la pili akateke maji, na wa uwandani mnajua maji ya zamani yalikuwa wapi: unashuka bondeni alfajiri, unapanda na ndoo jua likiwa kichwani, shule imeshapita. Pili, siyo wazee peke yao. Darasani kwao kulikuwa na wadada wa miaka thelathini na kitu, waliokuwa na umri wa kuanza shule miaka ya 90 wakati shule ya msingi ina ada na michango. Ada ilipofutwa mwaka 2001 kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), wao walishapitwa, wengine wana watoto mgongoni. Serikali ilirekebisha kwa waliofuata. Hawa ilikowaacha ndiko waliko.

Tatu, na hili ndilo linalonitia uchungu, nchi hii ilishalijibu swali hilo zamani. 1964 Mwalimu Nyerere akiwasilisha Bungeni mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano alieleza kwamba tuanze na watu wazima, maana mtoto utamngoja miaka mingi aanze kuinua uchumi, ila mtu mzima anachokijua leo kinafanya kazi leo. 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Zikachaguliwa wilaya chache za kufuta ujinga kabla ya nchi nzima, na Masasi, hii hii Masasi ninayochapia, ilikuwa mojawapo. 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wanakaa vikundi kuzunguka redio, wakitoka hapo wanachimba vyoo. 1975 ikaundwa kwa sheria Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na ipo mpaka leo.

Matokeo yake? 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa 67 katika kila 100. 1975 wakawa 39. 1986 wakabaki chini ya 10. Ila uchumi ulikuwa umeshayumba, bajeti ikakatwa, madarasa yakafungwa moja moja, na sensa ya 2012 ikatukuta na watu wazima wapatao 22 katika kila 100 wasiojua kusoma wala kuandika. Tulishuka mlima tuliokuwa tumeshaupanda.

Kwa hiyo nisielezwe kwamba haiwezekani. Iliwezekana nchi ikiwa maskini kuliko sasa, kwa sababu mwalimu wa jioni alitengewa posho, hata kama ndogo, na kila ngazi kulikuwa na mtu wa kuulizwa madarasa yanaendeleaje. Leo mpango upo kwenye maandishi, MUKEJA (mpango wa kuunganisha elimu ya watu wazima na jamii) upo, vitabu vya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) vimewahi kuandikwa, afisa wa elimu ya watu wazima yupo halmashauri na mara nyingi hana hata mafuta ya pikipiki. Kila Septemba 8 tunaadhimisha Siku ya Kisomo Duniani. Kinachokosekana ni hela kufika kwa mtu anayesimama mbele ya ubao.

Na hela ipo, tunaitoa sisi. Kila kilo ya korosho inayopita mnadani inakatwa ushuru wa halmashauri, asilimia 3. Mama hajui kuisoma hiyo asilimia kwenye karatasi yake ya malipo, lakini ameilipa kila msimu. Ninachodai ni kimoja: katika ushuru huohuo kitengwe kifungu cha ngumbaru, kwa jina lake na kwa tarakimu, kisichukuliwe kwa kazi nyingine. Posho ya mwalimu mmoja kila kijiji, chaki, madaftari, taa ya sola. Isiwe semina ya kuandaa semina. Wala wasituambie tusubiri mfadhili. Na Serikali Kuu iongeze pale ambapo halmashauri haina zao la kukata ushuru, maana kijiji cha wavuvi Kilwa nacho kina wanaoweka dole.

Mama ameniuliza jana kwenye simu kama mwalimu mwingine amepatikana. Sikuwa na jibu.

Sasa nawaomba, hasa wa Mtwara na Lindi. Andikeni hapa chini: wilaya, kijiji, darasa lilianza lini, lilifungwa lini, mwalimu alilipwa na nani. Msiandike jina la mtu. Naanza mimi: uwandani, lilianza 2019, likafungwa 2021, wanafunzi 23, mwalimu hakulipwa na yeyote. Nitayachapa yote kibandani kwangu na kutoa kopi kwa kila diwani kabla ya kikao cha bajeti. Karatasi na wino juu yangu.