Kupima kutetemeka kwa mkono wa mzee kwa simu, nani amejaribu?

BintiWaKayole:
Wadau habari zenu. Naomba msaada kwa yeyote anayejua mambo ya Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo wa mwili. Mzee wangu ana miaka 67, amekuwa fundi cherehani hapa Kayole miaka mingi, na mwaka jana daktari alisema ni Parkinson baada ya mkono wa kulia kuanza kutetemeka akiwa amekaa tu, yaani kidole gumba na cha shahada vinasuguana kama mtu anaviringisha kidonge, lakini cha ajabu akishika kitambaa mkono unatulia. Anatumia levodopa, dawa ya huo ugonjwa. Sasa shida ni hii, kliniki tunaenda kila miezi 3, tunaamka saa kumi na moja, matatu mbili, foleni, alafu tukiingia daktari anamwangalia dakika chache na siku hiyo mkono uko sawa kabisa, ama siku nyingine unatetemeka vibaya juu mzee amechoka na ana wasiwasi. Akiulizwa "umekuwaje" anasema "si mbaya sana". Na mimi ninayekaa naye najua kuna masaa unamsumbua mpaka anaukalia. Nimesikia simu inaweza kupima. Ni kweli ama ni stori? Na nikipima nampelekea daktari nini? Simu yangu ni ya kawaida, si ya bei.

FundiSimuLuthuli:
Dada ni kweli na huhitaji simu ya bei. Unajua venye ukilaza simu skrini inageuka? Hiyo ni kazi ya sensa inaitwa akselerometa. Inasoma mwendo mara nyingi kwa sekunde, hata simu za kawaida husoma mara 50 ama 100, na mkono wa Parkinson ukiwa umepumzika hutetemeka kama mara 4 hadi 6 kwa sekunde, kwa hivyo inatosha na inabaki. Kuna programu ya bure inaitwa phyphox, imetengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen huko Ujerumani kwa ajili ya masomo ya fizikia, si ya hospitali, lakini inasoma sensa hiyo hiyo. Fungua sehemu ya spektra ya akselerometa, utaona inachora kitu kama mlima. Mahali mlima umesimama ndio inakuambia mkono unaenda mara ngapi kwa sekunde, na urefu wa mlima ndio nguvu ya kutetemeka. Hapa ndio watu wengi hupotea: wanangoja ile namba ya mara ngapi kwa sekunde ishuke mzee akimeza dawa. Kwa kawaida haishuki sana. Kinachopungua ni urefu wa mlima, huo ndio uangalie.

Kitu kingine, usimpe mzee ashike simu. Umesema mwenyewe akishika kitu mkono unatulia, sasa akishika simu utakuwa unapima mkono unaofanya kazi, na uzito wa simu nao unabadilisha mtetemo. Ifunge nyuma ya kiganja na bandeji ya kuvutika, isikaze, mkono alaze juu ya paja ama kwenye mkono wa kiti, upime dakika 1. Simu iwe ileile, ifungwe palepale, kiti kilekile, la sivyo unalinganisha maembe na ndizi. Na usipime kwa matatu hata kama foleni ni ndefu, utakuwa umepima Jogoo Road.

NesiWaZamu:
Fundi umeeleza vizuri, wacha niongeze ya upande wetu. Dada, kupima bila kuandika saa ya dawa hakusaidii mtu. Pima kabla hajameza ya asubuhi, pima tena kama saa moja baadaye, alafu kabla ya dozi inayofuata, na kando ya kila kipimo andika amemeza saa ngapi, amekula nini saa ngapi. Nasema chakula juu protini inagombania njia na levodopa, mtu akimeza pamoja na sahani ya maharagwe ama nyama dawa inaweza kuchelewa kufanya kazi na nyinyi mtadhani imeshindwa. Andika pia kama hakulala ama kuna mtu amemuudhi. Mkono ukikataa kutetemeka wakati wa kupima mwambie ahesabu kurudi nyuma, 100, 93, 86, akili ikifanya kazi mkono unajitokeza.

Daktari kwa macho hutoa alama 0 hadi 4. Mkono ukisogea chini ya sentimita 1 ni alama 1, ukifika kati ya 1 na 3 ni 2, kutoka 3 hadi 10 ni 3, ukipita hapo ni 4. Sasa ona hiyo nafasi kati ya sentimita 3 na 10 ilivyo pana, mzee anaweza kupata nafuu ya kweli na alama isisonge. Hapo ndipo grafu inasaidia.

Lakini tafadhali sana usibadilishe dozi juu ya grafu. Na simu haitakuambia ni ugonjwa gani, kuna kutetemeka kwingine ambako namba zake zinaingiliana na za Parkinson, kuna ya thairoidi, na kuna dawa za chemisti kama metoclopramide ya kuzuia kutapika ambayo inaweza kumzidishia mgonjwa wa Parkinson, akiuziwa ulizeni kwanza. Alafu kuna wagonjwa wa Parkinson ambao hawatetemeki kabisa, wao shida yao ni kupungua mwendo na kukauka viungo. Kwa hivyo rekodi pia video fupi akigonga kidole gumba na cha shahada haraka, akiinuka kwenye kiti, akitembea hadi mlangoni na kurudi. Hiyo video daktari ataishukuru kuliko grafu.

Mwalimu_Mstaafu:
Binti yangu, mimi ni mgonjwa, mwaka wa 8 huu. Mwaka 1817 daktari James Parkinson wa London aliandika kuhusu watu 6 tu, na baadhi yao aliwaona barabarani wakipita. Macho yake yalitosha kuanza. Leo tuna simu, jambo zuri, lakini nikuombe kitu. Kijana wangu alianza kunipima mara nane kwa siku, nikawa najihisi kama mahindi ya kupimwa kwa kilo posho mill, na kila akija na ile bandeji mkono unazidi juu nimejua naangaliwa. Tukaketi tukaongea. Sasa ni mara 3 kwa siku, wiki 1 kabla ya kliniki, na ninabonyeza mwenyewe. Muulize mzee kama anakubali. Na muulize yeye kinachomsumbua zaidi ni nini, maana wangu mimi haukuwa mkono, ulikuwa usingizi na vifungo vya shati.

BintiWaKayole:
Nimerudi wadau, tumetoka kliniki jana. Mzee alikubali baada ya kumsomea maneno ya Mwalimu. Siku 7, mara 3 kila siku. Mlima wa asubuhi kabla ya dawa ni mrefu, kufika saa mbili unusu umelala kabisa, alafu karibu saa sita umesimama tena kila siku na dozi ya pili ilikuwa saa nane. Niliandika kwa karatasi moja tu na video mbili. Daktari aliangalia akauliza maswali ambayo hajawahi kutuuliza, akasogeza dozi ya mchana na akasema tupime tena wiki mbili. Fundi na Nesi Mungu awabariki, kweli nililia kwa matatu. Mwalimu, vifungo ndivyo hivyo hivyo kwa mzee, ameacha mashati anavaa fulana hata kanisani na inamuuma. Wewe ulifanyaje?

Mwalimu_Mstaafu:
Niling'oa vifungo nikashonewa velkro ndani, vifungo vikarudishwa juu kwa mapambo tu. Ukiniona huwezi kujua. Mzee wako ni fundi, mpe shati na umtilie uzi kwenye sindano.